Kisiwa Nyuma ya Jiko

Jumanne moja ya Septemba 2006, saa mbili asubuhi, Fortunata alikuwa akipiga pasi kandura, kanzu nyeupe za sir, bosi wake, katika vila moja ya Mirdif, Dubai, alipoona mchanga ukitoka chini ya mlango wa chumba chake. Alimalizia mkono wa kandura kwanza, akachomoa pasi, ndipo akafungua.

Chumba kile cha nyuma ya jiko hakikuwa na dirisha. Sasa ukuta wa upande wa miguuni haukuwepo, na mahali pake palikuwa na Kipro: mteremko, mbuzi wanne, bahari kwa chini. Hatua thelathini kutoka kitandani, Bibi Eleni alikuwa barazani kwake akikanda unga.

Walifahamiana. Julai familia ya sir ilikwenda kupumzika huko, Fortunata akiwabebea mtoto. Kabla ya hapo alikijua kisiwa hicho kanisani tu, kama kwao Mtume Barnaba. Lakini Bibi Eleni, jirani yao, hakuacha mtu apite wakati watu wanakula. Alimwita, “Kopiaste,” yaani karibu ule, na kwao Bukoba ndivyo hivyo hivyo. Alimkalisha mezani, akamfundisha kukunja jibini na mnanaa. Fortunata naye akampikia ndizi mbichi na maharage, wakala mpaka sufuria ikalia. Alikipenda kisiwa kile kama mtu anavyompenda mtu, akarudi Dubai roho imebaki.

Madam, mke wa sir, naye alikipenda, tusimsingizie. Alirudi na mito iliyotariziwa neno hilo la Bibi Eleni, na kila Alhamisi jioni aliwaeleza wageni wake kwamba Kipro hakuna anayeachwa wima wenzake wakila. Fortunata aliyasikia hayo akiwa amesimama na sinia.

Basi asubuhi hiyo Bibi Eleni alimwona, akamwita. Fortunata akavua kandambili. Hatua ya tatu akakuta meza chini ya mtini, na ofisa wa uhamiaji akimenya chungwa. Ofisa akaomba pasipoti. Fortunata akaeleza kuwa iko kwenye droo ya madam tangu siku aliyoshuka uwanja wa ndege, na hata safari ya Julai madam ndiye aliyeishika. Ofisa akamwonyesha mpaka, uliopita sentimita chache kutoka mwisho wa godoro, akaendelea na chungwa lake.

Madam alipoitwa hakutazama bahari. Alichungulia uvunguni. Huyu ndiye aliyekuwa akinusa nguo za Fortunata kila Ijumaa, siku ya ibada huko, akitoka kanisani, na akizima redio simu ya jikoni ikilia, apate kusikiliza vizuri maongezi yake.

“Umeileta lini?”

“Imekuja yenyewe, madam. Naomba pasipoti yangu, Bibi ananiita mezani.”

“Utakimbia.”

“Nikimbilie wapi, madam? Ni chumbani kwangu.”

“Chumba ni changu,” alisema madam. “Kutazama, tazama. Khalas, basi.”

Macho hayana pazia, kweli, lakini hayashibi. Rama, dereva, mtu wa Unguja, alikuja kuchungulia akamwambia asijisumbue: akipewa yeye pasipoti, na Rama atadai yake, kwa hiyo hapewi mtu.

Alhamisi wageni walipita katikati ya chumba, viatu mkononi, wakagongewa mihuri, wakaketi kwa Bibi Eleni. Fortunata aliwasogezea masinia mpaka mwisho wa godoro, na wengine waliyapokea upande wa pili. Bibi Eleni aliita mara tatu. Mwishowe akaja mwenyewe, mikono ina unga, akauliza kwa nini binti huyu hasogei. Madam akamnong'oneza kwa niaba yake kwamba ameshiba. Fortunata alielewa jibu lile kwa namna Bibi alivyomtazama tumboni, na hajawahi kuona haya kama siku ile.

Julai iliyofuata familia haikukata tiketi. Walivuka na masanduku yao, Fortunata akiyabeba mpaka mpakani. Madam alirudi mara mbili: mara ya kwanza kuchukua miwani ya jua, mara ya pili kujaribu kufuli la droo.

Alasiri hiyo vila ilikuwa tupu. Fortunata alifagia mchanga, akajilaza kidogo, na usingizi ukampitia akajinyoosha, nyayo zikapita mwisho wa godoro. Ofisa akainuka mezani, akaja taratibu asimshtue, akamwomba kwa heshima akunje miguu. Akaikunja.