Kuvu Kwenye Kinu cha Karatasi

Kiwandani walimwita Mama Ukungu, wala si kwa mapenzi. Kwa wiki mbili mkemia huyo alikuwa amefunika kwa turubai rundo la vipande vya mbao alivyovipandikiza kuvu nyeupe, iliyotoka kwenye gogo bovu. Kuvu hiyo hula lignini, ile gundi ya asili inayofanya mti uwe mgumu, na nyuzi za kutengenezea karatasi huachiana zenyewe.

"Mwanangu, uozo huu ndio uingie kwenye mashine yangu?" alilalamika mjomba wake, fundi wa kinu cha kusagia mbao. "Miaka ishirini nafukuza ukungu humu, leo niulishe?"

"Saga kwanza, Mjomba. Kinu kikikwama, nitafagia kiwanda kizima peke yangu."

Turubai likafunuliwa. Vipande vilikuwa vimevaa utando mweupe, vikinuka uyoga, na wafanyakazi wakakunja pua. Fundi akavimimina kinuni, mkono mmoja kwenye swichi ya kuzimia. Lakini kinu kilichozoea kunguruma kama radi kikazunguka taratibu tu. Akaitazama mita ya umeme, akaigonga kwa kidole, akaitazama tena. Mshale ulikuwa umeshuka kwa robo nzima.

"Si mbovu hiyo," mkemia alisema.

Fundi akachota rojo na kulifinya. Lilikuwa laini ajabu. Akamkumbatia mkemia kwa mikono yake iliyolowa, koti jeupe likachafuka lote.

"Mpwa wangu huyu!" alipaza sauti. "Damu yangu! Haya, leteni rundo lingine!"