Vidari Viwili vya Mbuzi Mmoja

Valerian na Gladness walifunga ndoa mwezi wa Agosti mwaka 1995, na mpaka Novemba hawakuwa wamegombana hata mara moja. Walikuwa wamepanga vyumba viwili Njoro, mjini Moshi, vyenye ua mdogo kwa nyuma. Valerian alikuwa fundi redio. Gladness alifundisha darasa la tatu. Kisha Krismasi ikakaribia.

Valerian alikuwa Mkatoliki wa Kibosho, Gladness Mlutheri wa Masama. Suala la madhehebu lilikuwa limeshamalizwa kabla ya harusi, kwa vikao saba. Suala la Krismasi hakuna aliyelikumbuka. Mzee Thadeus, baba yake Valerian, alituma mtu kuja kusema kwamba tarehe ishirini na tano anawasubiri mezani saa saba mchana. Siku hiyo hiyo ikafika barua ya Mzee Filemon, baba yake Gladness, yenye mistari miwili ya Biblia, ikisema jambo lile lile, saa ile ile.

"Twende kwetu asubuhi, kwenu mchana," Gladness alisema.

"Kwa magari ya siku ya Krismasi? Tutakula sikukuu kituoni."

"Basi waje wao hapa."

Wazo lilikuwa jipya kiasi kwamba Mama Bernadetha, mama yake Valerian, alipoambiwa aliuliza, "Krismasi mjini? Kwani mnaumwa?" Lakini wazee wote wawili walikubali, na wote walijibu kwa maneno yanayofanana, kana kwamba walikuwa wamekaa pamoja: watakuja, na kila mmoja kidari chake atakilia huko huko Njoro.

Hapo ndipo Valerian alipokaa chini.

Katika ukoo wa Mzee Thadeus, mwana akichinja mbuzi wa Krismasi, kidari ni cha baba yake. Katika ukoo wa Mzee Filemon, Krismasi ya kwanza baada ya ndoa, kidari ni cha baba wa binti. Na mbuzi ana kidari kimoja.

"Tukikate katikati," Gladness alisema.

Valerian alimtazama kama vile amependekeza wamkate Mzee Thadeus mwenyewe.

"Basi waambie ukweli."

"Ukweli upi? Kwamba mmoja wao hana haki? Uanze wewe na baba yako."

Gladness hakuanza. Asubuhi ya tarehe ishirini na nne Valerian alikwenda buchani akarudi na kidari cha pili kwenye gazeti, ananyata kama mwizi. Mpango wao ulikuwa rahisi. Mzee Filemon, ambaye hanywi pombe, angekaa sebuleni na chai ya maziwa. Mzee Thadeus angekaa uani karibu na ndoo ya mbege, pombe ya ndizi. Kila mmoja angeletewa kidari chake, angekila, angemshukuru Mungu, na asingejua cha mwenzake. Kilichohitajika ni wazee wawili kutopendana kwa muda wa saa moja. Baada ya vile vikao saba, hilo halikuonekana kuwa gumu.

Siku yenyewe wenyeji walisali mara mbili, misa ya saa moja na ibada ya saa nne, na Valerian akasinzia kotekote. Saa sita wageni wakafika. Kulikuwa na shikamoo nyingi, marahaba nyingi, na mikungu miwili ya ndizi, kila mama akiona wa kwake ndio mkubwa. Mzee Filemon alikalishwa sebuleni. Mzee Thadeus akakalishwa uani. Dakika kumi zikapita kwa amani.

Kisha Mzee Filemon akasema kwa sauti, bila kumlenga mtu, kwamba mwaka huu wanunuzi wa kahawa wamekuwa wengi kuliko inzi.

"Kwako walifika wangapi?" Mzee Thadeus aliuliza kutoka uani.

"Wanne!"

"Kwangu watano! Mmoja amekuja na mizani yake mwenyewe!"

"Na wewe ulikubali?"

Mzee Filemon alibeba kikombe chake cha chai, akatoka kwenda uani, akaketi kwenye benchi pembeni ya Mzee Thadeus. Walianza na mizani. Wakaenda kwenye bei, kwenye dawa za mibuni, kwenye vijana wanaotaka kung'oa kahawa wapande nyanya. Walikuwa wanakubaliana kwa kila kitu.

"Baba," Valerian alimwambia Mzee Filemon, "karibu ndani uone redio ninayoitengeneza."

"Nitaiona."

"Baba," Gladness alimwambia mkwewe, Mzee Thadeus, "mama anakuita sebuleni."

"Mwambie nipo na mwenzangu."

Mama Bernadetha, aliyekuwa jikoni na hajamwita mtu, alishangaa kusikia mumewe akiambiwa kwamba anamwita. Alimtazama Mama Tabitha, mama yake Gladness, wakainua mabega, wakaendelea kuponda ndizi za mtori.

Kosa lililofuata lilikuwa la wanandoa wote wawili. Valerian aliamua, kimoyomoyo, kwamba kama hawatengani basi ampe baba yake kidari kwanza, haraka, na cha pili kitatolewa baadaye kama nyama ya kawaida. Gladness naye, kimoyomoyo, aliamua hivyo hivyo kuhusu baba yake. Valerian alitokea pembeni ya jiko la mkaa na sinia lake. Gladness alitokea mlango wa jikoni na la kwake. Walifika mbele ya benchi kwa wakati mmoja.

Mazungumzo ya kahawa yalikatika.

"Valerian," Mzee Thadeus alisema polepole. "Umechinja mbuzi wangapi?"

"Mmoja, baba."

"Mmoja."

Mzee Filemon alitoa miwani mfukoni, akaivaa. "Mmemnunua wapi, mwanangu?"

"Sanya Juu, baba."

"Siku hizi Sanya Juu wanazaliwa na vidari viwili?"

Mzee Thadeus alichukua kisu, akabonyeza kidari kimoja, kisha kingine. Akanusa. Akampa mwenzake naye anuse.

"Hiki ni cha mbuzi," Mzee Filemon alisema.

"Dume," Mzee Thadeus aliongeza.

"Na hiki ni kondoo."

"Kondoo mzee. Tazama mafuta."

"Kondoo!" Gladness alimgeukia mumewe. "Ulisema mbuzi!"

"Mwenye bucha alisema mbuzi!"

Kesi ilisikilizwa pale pale, washitakiwa wamesimama na masinia mikononi. Walieleza yote, desturi ya Kibosho, desturi ya Masama, gazeti la buchani. Wazee walisikiliza wakitikisa vichwa. Valerian alisubiri kufukuzwa kwenye ukoo.

"Sasa kumbe ni jambo dogo," Mzee Thadeus alisema hatimaye. "Cha mbuzi apewe Mzee Filemon. Ametoka mbali."

"Hapana, hapana. Mwana ni wako. Chukua wewe."

"Siwezi kula kidari mbele ya mkwe wangu."

"Na mimi siwezi kumnyima baba mtu haki yake. Wewe ni mkubwa."

"Nani mkubwa? Wewe umezaliwa lini?"

Mzee Filemon alikuwa na cheti cha ubatizo. Mzee Thadeus alikuwa na mwaka wa nzige. Walisimama. Heshima ilipanda mpaka ikaanza kufanana na ugomvi, kila mmoja akimsukumia mwenzake kidari kwa maneno makali zaidi, na Mzee Filemon akasema kwamba kukataa zawadi ni dharau, na Mzee Thadeus akasema kulazimishwa ndiyo dharau yenyewe. Gladness aliweka sinia lake kwenye meza ya jikoni mlangoni, mkono ulikuwa umechoka. Lilikuwa lile la mbuzi.

Wazee walipokubaliana mwishowe kwamba padri na mchungaji waulizwe kwa pamoja kidari ni cha nani, waligeuka kukichukua. Mezani palikuwa na mifupa. Mama Bernadetha alikuwa anajifuta vidole kwa kanga. Mama Tabitha alikuwa bado anatafuna, bila haraka.



"Miaka thelathini na minne nimekichoma," Mama Bernadetha alisema, "nimekipanga kwenye sinia, nimekibeba. Leo nimesema nionje."

"Mimi miaka thelathini na mmoja," alisema Mama Tabitha.

Mzee Thadeus alimeza mate. "Kikoje?"

Mama Tabitha alifikiri kwa uaminifu. "Si kibaya. Lakini kwa jinsi mnavyokitangaza, nilidhani kuna kitu zaidi."

Mama Bernadetha ndiye aliyeanza kucheka, akafuata Gladness, kisha Mzee Filemon akacheka mpaka miwani ikaanguka kwenye chai. Wazee walikikata kidari cha kondoo katikati, kweupe, mbele ya watu, wakakila kwenye benchi wakimsema mwenye bucha. Mzee Thadeus alifungua chakula kwa sala fupi, ingawa walikuwa wameshaanza kula, na Mzee Filemon alikifunga kwa sala ndefu iliyowataja hata wanunuzi wa kahawa.

Tangu mwaka ule Krismasi ya familia hizo mbili huliwa Njoro. Kidari ni cha akina mama. Wazee hununuliwa kondoo, na ukiwauliza watakuambia, bila kupepesa macho, kwamba katika koo zao zote mbili imekuwa hivyo tangu zamani.