Sanduku la Dawa la Kashindye

Kashindye alipoikata kanga yake mpya vipande vipande, mama mkwe wake, Helena, nusura azimie.

"Umerogwa? Kanga ya sikukuu!"

Kashindye alivichemsha vile vipande, akavianika juani, akavitia katika sanduku la mbao pamoja na sabuni, mkasi na kichupa cha aidini alichopewa na Evarista, muuguzi aliyepita Madibira kwa baiskeli.

Kicheko hakina kodi, watu wakacheka. Tangu wahamie Usangu na ng'ombe wao, hata kabla, dawa yao ya kidonda ilikuwa moja: samadi mbichi. Mwaka uliopita, sabini na tatu, Helena alimpaka mjukuu wake Regina, binti wa Kashindye, kwenye kidole kilichochomwa na mwiba. Alimpaka kwa mapenzi tu. Pepopunda ikamchukua mtoto. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi; Kashindye aliapa kaburini kwamba samadi haitagusa tena kidonda katika mji ule.

Asubuhi moja baba mkwe wake, mzee Shigela, akichonga nira, shoka likamteleza likampasua mguu. Wanaume wote walikuwa machungani. Helena akakimbilia zizini, akarudi na samadi mkononi.

"Mayu, mama yangu, usipake! Muoshe, nitakuelekeza."

"Mimi na sanduku lako wapi na wapi? Nipishe, anakufa!"

Basi ikabaki njia moja, nayo ilikuwa mwiko. Kwao mke wa mwana hamgusi baba mkwe hata kwa kidole. Akimgusa, atatozwa mbuzi mbele ya wazee, na aibu juu yake. Kashindye aliogopa. Hata hivyo aliukamata mkono wa Helena, akaikung'uta samadi chini, akapiga magoti. Akakandamiza kidonda kwa kitambaa hadi damu ikatulia, akakiosha kwa sabuni na maji ya birika yaliyokwisha kuchemka, akatia aidini, akafunga. Shigela aligeuza uso ukutani. Mguu hakuuondoa.

Mzee aliporudi kutoka hospitali, alikochomwa sindano ya pepopunda, alikuta wazee wenzake wanangoja uani.

"Mkweo amekushika," alisema mkubwa wao. "Atoe mbuzi."

"Nitamtoa," alisema Kashindye.

"Hutoi kitu, mama," alisema Shigela. "Mbuzi nitamtoa mimi. Regina angeoshwa hivi, ningetoa zizi zima."