Na Wengineo

Tangazo la kifo cha baba lilifika ofisini kwetu Kitale siku ya Jumatatu, na mimi ndiye niliyelifungua. Tulikuwa na tovuti ya matangazo ya misiba. Watu walijiandikia wenyewe kutoka saiba yoyote yenye intaneti, sisi tukayapitisha. Hili lilitoka Bungoma, kwa Khisa, mtoto wa kwanza wa mke wa kwanza. Alikuwa ametaja mama yake, ndugu zake, wake zao, hata shemeji aliyepotelea Suam miaka mingi. Kisha akamalizia: na wengineo.

Hao wengineo ni mimi, ndugu zangu Tonny na Ivy, na mama yetu Chesang wa Endebess, mke wa pili, aliyemuuguza baba miaka miwili ya mwisho. Nilisoma mara tatu.

Mchana Khisa akapiga simu ya ofisi. Hakuitambua sauti yangu, na hakuwahi kuniuliza nafanya kazi gani.

"Madam, hii kitu yenu imekaa hivyo tu. Mtu ataonaje jina ya kifungua mimba? Si muweke mahali pa kubonyeza, jina ikuwe kubwa, ikuwe na rangi."

"Tutaweka," nikamjibu kwa adabu.

Bosi wetu, Abdihakim, alikubali. "Weka vitufe, Fridah, juu ya pale pa kuandikia. Lakini neno la mteja haliguswi. Ukibadilisha hata moja, tafuta kazi kwingine."

Kwa siku mbili nilitengeneza vitufe vitatu: cha kukoleza wino, cha kukuza herufi na cha rangi. Unachagua neno, unabonyeza, basi. Alhamisi Khisa alivitumia, jina lake likavimba ukurasani. Akapiga kushukuru, akasema pasta atalichapisha tangazo Jumamosi asubuhi, alisome mazishini.

Ijumaa nilimwambia Abdihakim kwamba navijaribu vitufe. Nikachagua yale maneno mawili ya mwisho wa tangazo la baba: na wengineo. Nikayakoleza. Nikayakuza, nikayakuza tena, mpaka kitufe kikagoma. Nikayapaka nyekundu. Nilicheka peke yangu pale mezani, na sikujuta hata kidogo.

Jumamosi walitukalisha nyuma ya majirani, karibu na sufuria za chakula. Pasta akasoma jina baada ya jina. Alipofika mwisho aliigeuza karatasi watu waione. Maneno yale yalijaza nusu ya ukurasa. Jina la Khisa lilionekana dogo juu yake.

"Hawa wengineo ni akina nani?" akauliza. "Naona wameandikwa wakubwa kuliko wote. Si wasimame tuwajue."

"Ni makosa ya mashine, pasta," Khisa akasema. "Endelea tu."

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Nikatutaja mmoja mmoja, polepole, macho yangu kwa Khisa tu. Nilipomtaja mama, aliinuka, akajifunga leso vizuri, akapita katikati ya watu mpaka kwenye jeneza. Mama yake Khisa, ambaye hakuwahi kutusalimu, akasogea kwenye benchi la mbele akampa nafasi. Hilo sikuwa nimelipanga.

Khisa alinifuata pale nyuma, sasa ameitambua sauti ya kwenye simu. "Ni wewe umefanya hii?"

"Maneno ni yako, kaka," nikamwambia. "Sijagusa hata moja."