Libanga la Sebahire

Sebahire alitembea siku tatu kutoka Walikale hadi Kingi, amebeba kidumu cha mafuta ya mawese mgongoni na wivu moyoni, na ungemwuliza mzigo upi ulikuwa mzito zaidi, angekudanganya. Hakwenda kusikiliza muziki. Muziki ule aliujua kuliko wote waliokuwa wakiupiga. Alikwenda kudai kiti chake.

Kiti chenyewe kilikuwa cha mpiga ngoma wa orkesta Radi. Mwaka 1987, Mzungu mmoja daktari wa ng'ombe alihama Kirolirwe akaacha sanduku la kanda. Wachungaji watatu wakazisikiliza: magitaa yanayonguruma, ngoma za kasi, mwimbaji anayelia kama mtu aliyebanwa vidole na mlango. Watu wengine walicheka. Wale watatu walipenda, wakauita muziki wa chuma. Kanyamibwa akashika gitaa na kuimba, Marcellin akapiga besi, na Sebahire akawamba ngozi ya fahali juu ya pipa, akaunda pedali mbili kwa minyororo ya baiskeli, moja kwa kila mguu. Kwa miaka ishirini hakukuwa na arusi ya maana Kirolirwe wala Nyamitaba bila Radi. Padri aliwahi kuwaomba wapunguze kelele. Hawakupunguza.

Halafu, mwaka 2008, vita vikaingia Kirolirwe mchana, watu wakiwa mashambani. Kanyamibwa na Marcellin walikimbilia Goma. Sebahire alikuwa malishoni upande wa pili, njia ikamfungia, akafuata watu asiowajua mpaka Walikale. Njiani mtu wa Nyamitaba alimwambia kwamba mama yake, mzee Mukamurenzi, aliungulia ndani ya nyumba. Hakuwa na mwingine wa kumtafuta. Huko Walikale alitumia jina lake la ubatizo tu, Faustin, akapasua mbao, na jioni alikaa kimya.

Mwaka uliofuata akasikia redioni kwamba wakongwe wa muziki wa chuma wa Masisi wamepiga Goma, watu wakajaa. Moyo ukamruka. Wako wazima! Alikuwa tayari amesimama kwenda kutafuta simu ya kuwapigia watu wa redio, ambao hutangaza salamu za waliopotezana, mtangazaji alipoongeza: "Na ku ngoma, kijana wetu wa Butembo, Bienvenu!" Sebahire akakaa tena. Bienvenu! Hawakumtafuta hata mwezi, wameokota mtoto wa wachuuzi wa Butembo wakamkalisha juu ya ngozi aliyoiwamba yeye. Basi na wakae naye. Hakupiga simu siku hiyo, wala siku nyingine. Miaka miwili alilala na jina hilo, akaamka nalo, na kila ubao alioupasua ulikuwa Bienvenu.

Dereva mmoja ndiye aliyeleta habari kwamba Radi watapiga Kingi, Jumapili baada ya misa, kwenye uwanja wa shule. Sebahire akafunga kidumu.

Alipofika, uwanja ulikuwa umefurika na jenereta ilikuwa inakohoa. Kanyamibwa alikuwa amebaki na nywele pembeni tu, lakini hizo chache alizifuga mpaka mabegani, aibu hana. Marcellin alikuwa na kitambi na mkanda wa mnyororo wa ng'ombe. Walipoanza, wamama walishika masikio wakicheka, vijana wakarusha vichwa, na mbuzi wa jirani wakakata kamba. Sauti ya Kanyamibwa haikuwa imezeeka hata siku moja. Sebahire akahisi machozi ya furaha yanamjia, akayarudisha kwa hasira, kwa sababu nyuma yao alikuwa ameketi yule kijana, mwembamba, mtulivu, miguu yote miwili juu ya pedali za minyororo ya baiskeli.

Alisikiliza akitafuta kosa. Hakulipata. Hapo ndipo wivu ulipomkaba hasa, maana angemsamehe Bienvenu kila kitu isipokuwa kuweza.

Sasa, kwetu hata muziki wa chuma hauendi bila libanga. Mtu anatoa zawadi, anataja jina, na mwimbaji analitupa jina lile katikati ya wimbo, kila sikio lilisikie. Majina yalipokewa mezani na mwanamke aitwaye Colette. Tayari lilikuwa limetupwa jina la Papa Mbusa, mwenye lori na duka, mara nne, kwa sababu ya mafuta ya jenereta. Sebahire akaona njia yake. Atawafanya walitamke kwa midomo yao wenyewe jina la mtu waliyemtupa, mbele ya Masisi nzima, halafu ajitokeze aone watauficha wapi uso.

Akaweka kidumu mezani. "Andika Sebahire wa Kirolirwe."

Colette akainua macho. "Kaka, uko ndugu yake?"

"Andika tu, dada."

Aliandika polepole, akapeleka karatasi mwenyewe jukwaani. Kanyamibwa akaisoma. Akamwonyesha Marcellin. Akanyamazisha gitaa, na uwanja wote ukanyamaza naye.

"Muko mutu hapa anakumbuka Sebahire wetu," Kanyamibwa alisema, na ile sauti ya chuma ilikuwa imelainika. "Aksanti, wewe mwenye kumukumbuka. Tulimutafuta Goma, Sake, mu makambi yote. Baliokimbia naye batatu balitwambia balimuona anaanguka mu muto. Tulimufanyia kilio bila mwili, tukatosha kilio, matanga ikaisha. Wimbo yake njo hii."

Bienvenu akaanza peke yake, polepole, pigo la Sebahire, lile lenye mguu wa kushoto unaochelewa kidogo. Lilikuwa kosa lake la tangu ujana, hakuwahi kuliweza. Kijana alilipiga na kosa lake, kwa uangalifu, kama mtu anayebeba yai. Watu waliujua wimbo. Waliimba jina lake, wanawake mikono kichwani, na mtu aliyesimama kando ya Sebahire alikuwa analia waziwazi. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumlilia Sebahire hivi. Akamwonea wivu yule marehemu. Naam, marehemu Sebahire, mpole, hodari, mpendwa wa watu, ambaye hajawahi kumnunia mtu.

Bibi mzee akatoka kwenye benchi la mbele. Alipanda jukwaani mpaka kwa Bienvenu, akamfuta jasho kwa ncha ya kitenge chake, na kijana akainamisha kichwa bila kuacha kupiga, kama aliyezoea. "Mama Mukamurenzi," watu walinong'ona, "mama ya marehemu."

Sebahire hakujua alivyopita katikati ya watu. "Mama! Mama, niko hapa! Siko mufu!"

Muziki ukakatika. Marcellin akafanya ishara ya msalaba. Mzee alishuka, akamshika mwanawe mashavu, akamshika masikio, akamshika kiganja cha mkono kwa nguvu ambayo usingeitegemea kwa mwili ule mdogo.

"Ulikuwa fasi gani?"

"Walikale, Mama. Baliniambia uliungulia mu nyumba."

"Na hawa benzako? Ulijua kama biko bazima?"

Angeweza kusema uongo. Wote waliokuwa pale wangeuamini, tena kwa furaha. Lakini macho ya mama yalikuwa karibu mno.

"Nilijua. Nilibasikia ku radio."

"Siku gani?"

"Iko miaka mbili."

"Miaka mbili." Mzee alivuta pumzi. "Kama ungetuma salamu moja ku radio, bangekuambia mama yako iko muzima. Juu ya nini haukutuma?"

"Nilisikia baliweka mwingine ku kiti yangu, Mama. Nilikasirika."

Hakuna aliyecheka. Bienvenu alikuwa ameshasimama, amekiacha kiti wazi, fimbo mbili za ngoma amemnyooshea kwa mikono yote miwili kama anavyopewa mkubwa. Sebahire hakuweza kunyoosha mkono. Ule mmoja ulikuwa umeshikwa, na mwingine ulikuwa hauna haki.

Mukamurenzi alimtazama mwanawe. Machozi yalimtiririka, na hakuyafuta.

"Ule tulimulilia," alisema, "alikuwa mutoto muzuri kukupita wewe."

Halafu akageukia jukwaa. "Bienvenu, ikala ku kiti, mutoto wangu. Mumalize wimbo yake."

Wakaanza tena pale walipokatiza. Sebahire alisimama mbele ya watu wote, mama yake amemshika kiganja bila kumwachia, akausikiliza wimbo wa marehemu mpaka mwisho.