Omo la Kulik

Bwana Formela alipoiweka meli ya karatasi mezani, Adelajda hakuitazama milingoti, wala mzinga mdogo wa mbele ambao kila mtu huutazama kwanza. Aliinama akatazama omo, ncha ya mbele inayokata maji. Pale bamba la karatasi la kushoto linapokutana na la kulia, palikuwa na ufa. Mwembamba, lakini mweupe kama jino.

"Umeiangusha?"

"Niiangushe mimi!" Formela alivua kofia. "Nimeipakata tangu Wejherowo, treni nzima, kama kuku atamiaye. Naapa Bi Adelajda, juzi ilikuwa imefumba vizuri kabisa."

Adelajda Budzisz alikuwa mchoraji mstaafu wa kiwanda cha meli cha Gdynia. Siku hizi alichora meli za karatasi: kila ubavu, kila bamba, kila kidirisha, vyote kwenye kurasa za jarida, ili mtu aliye mbali na bahari akate kwa mkasi, akunje, agundishe, apate meli ya vita juu ya kabati. Hii ilikuwa Kulik, meli ndogo ya kufagia mabomu ya baharini, iliyozamishwa mwezi wa kwanza wa vita. Formela ndiye mjengaji wake wa majaribio, maana mchoro usiojengwa na mkono wa mtu mwingine ni mchumba ambaye hujamwona akila.

Na Formela huyohuyo ndiye aliyemwambia mapema mwezi ule kwamba mabamba ya omo yamezidi urefu, kama unene wa njiti ya kiberiti. Aliyapunguza, yakakaa. Adelajda naye akayapunguza kwenye mchoro, akautuma Warszawa, kwa jarida. Leo, zamu ya mchana, mitambo ingeanza kuchapa.

"Ulitumia gundi gani?" aliuliza polepole.

"Ile nyeupe, ya maji. Ya mpira haipatikani madukani, wewe mwenyewe unajua."

"Ukajengea wapi?"

"Jikoni. Mke wangu alikuwa anachemsha mashuka, mvuke huo, madirisha yanatoka jasho..." Formela alitazama meli, akatazama jiko la vigae lililokuwa likiunguruma pembeni. "Yesu na Maria," akasema.

Adelajda naye alielewa. Karatasi ikinywa maji huvimba, na mabamba yaliyovimba ndiyo waliyoyapunguza. Sasa imekauka, imerudi kwenye vipimo vyake, lakini kilichokatwa hakirudi. Watu nchi nzima wangefika kwenye omo, baada ya majuma ya kukata vipande vidogo kama kucha za mtoto, wakute meli haifumbi.

"Ufa gani huo mnaoulilia?" Sauti ilitoka kwenye kiti cha karibu na jiko. Ni Bernard, kaka yake, aliyekuwa mchochea makaa wa Kulik ya kweli. Vumbi la makaa lilibaki kifuani mwake hata baada ya meli kwenda chini; akisema maneno machache, lazima apumzike. "Sisi tulipigwa bomu, Ada. Wewe unazamishwa na karatasi?"

"Kaka, omo limeachama."

"Na lile la kweli je? Lilivuja siku zote. Nani alikuwa anapiga pampu? Mimi na mwenzangu Necel." Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakaa. Adelajda alisimama na bilauri ya chai mkononi hadi kilipokwisha. Tangu majira ya baridi yaliyopita, alikuwa amejifunza kuhesabu pumzi za watu bila kujijua.

Hapo ndipo palipomchoma. Bernard alikuwa akiingoja Kulik itoke. Mabaharia wenzake waliobaki walitawanyika, mmoja Łódź, mmoja milimani huko, na kila mmoja alishaambiwa: nunua jarida, tuijenge sote. Leo uchapaji ukisimamishwa, nafasi ya Kulik ingechukuliwa na ndege ya vita ya karatasi. Meli ingengoja mwaka mzima, na daktari wa Bernard, alipoulizwa kama mgonjwa wake angefikisha mwaka, alikuwa amechezea kalamu yake tu.

"Pengine si gundi," alisema Adelajda. Alijua anajidanganya.

Alitoa nakala mbili alizobaki nazo, ya mchoro wa kwanza na ya mchoro uliopunguzwa. Kopo la mwisho la gundi ya mpira lilikuwa nyuma ya unga. Alikata mbavu za mbele tu, akazigundisha kwenye kipande cha kioo zisipinde, akapitisha mgongo wa kisu kwenye mikunjo. Formela alikuwa akimpa vipande kimoja kimoja. Mabamba ya mchoro wa kwanza yalikutana kama kope za mtu aliyelala. Ya mchoro uliopunguzwa yaliacha ufa.

Adelajda alivaa koti.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Bernard.

"Posta."

"Wacha itoke hivyohivyo! Watapaka rangi, wataziba. Ada! Nakuomba."

Hakuwahi kumsikia kaka yake akiomba. Alifunga mlango taratibu, asije akaubamiza.

Posta aliagiza simu ya haraka ya Warszawa, akakaa kwenye benchi. Kila jina lililoitwa alinyanyuka nusu. Zamu ya mchana ilikuwa inakaribia. Labda mitambo imeshaanza, labda wino umeshagusa karatasi, na maji yakimwagika hayazoleki. Aibu iliyoje: sehemu ya moyo wake ilikuwa ikiomba iwe imeshaanza.

"Budzisz! Kibanda cha pili!"

Mhariri Wolicki alimsikiliza, kisha akavuta pumzi ndefu puani. "Bi Adelajda, kurasa zimeshapangwa kwenye mashine. Tuchape. Toleo lijalo tutaandika neno la kuomba radhi."

"Mtu akishaikata hairudi, Bwana Mhariri."

"Basi nisimamishe? Ujue ni hadi mwakani. Naweka ndege."

Waya ulivuma. Akilini alimwona Bernard, mkono kifuani. Akamwona na mtu asiyemjua, huko Łódź, ameishika Kulik chini ya taa, anabana omo kwa vidole na omo halikubali.

"Simamisha," alisema.

Nyumbani, Formela alikuwa ameshaondoka. Bernard hakumgeukia.

"Mwakani?" aliuliza.

"Mwakani."

"Umekwisha kunizika, basi." Akakohoa. Adelajda alipasha supu, hakuna aliyeigusa.

Kisha Bernard alijikokota hadi mezani, akavuta kurasa za mchoro wa kwanza, akachukua mkasi. Alianza na chumba cha makaa, akakata nje ya mstari, akaingia ndani, akatoka tena.

"Usinifundishe," alisema.

"Sijasema kitu."

Adelajda alisogeza kiti chake karibu, akashika upande wa pili wa karatasi ili isiteleze, akawa anasikiliza mkasi, na kati ya mkato na mkato, pumzi.