Upande wa Pili wa Mvua ya Mabati

Njeru alipiga simu mara tatu, na mara zote tatu Ednah aliitazama ikilia juu ya meza ya kazi, katikati ya bisibisi na redio zilizofunguliwa, akaiacha. Alijua vizuri kaka yake anataka nini. Mara ya nne aliishika kwa sababu kulikuwa na mteja amesimama dirishani, na fundi asiyeshika simu watu humfikiria vibaya.

“Ednah, programu inachapishwa leo,” Njeru akasema, hata salamu hakuna. “Nimeandika hapa, maombi ya Mama, dakika tatu. Ukuje na hiyo kaseti, lakini ikatwe. Baada ya Amina sitaki kusikia kitu ingine.”

“Kaseti haikatwi, Njeru. Hii si miwa.”

“Wewe ni fundi. Unajua vile inakatwa.”

“Najua. Na sikati.”

“Mchungaji atakuwa hapo! Wazee wa kanisa wote watakuwa hapo! Unataka kutuletea hayo makelele yako kwa kaburi ya Mama?”

“Nitaileta vile iko,” Ednah akasema, akakata simu, akamgeukia mteja kwa sauti ya upole kabisa. “Ehe, ulisema redio imefanya nini?”

Basi mambo yalikuwa hivi. Mama yao alikuwa amezikwa mwaka mmoja uliopita huko nyumbani Runyenjes, na Jumamosi hiyo familia ilikuwa inaweka msalaba wa saruji kaburini na kufanya ibada ya ukumbusho. Njeru, kifungua mimba na mzee wa kanisa, ndiye aliyekuwa anapanga kila kitu. Sauti ya mama ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, kwenye kaseti ya Ednah, upande wa pili. Na kaseti yenyewe, jamani, haikuwa ya nyimbo za kanisa hata kidogo. Ilikuwa ya roki.

Usicheke. Hata Majengo pale Meru, ambako Ednah alikodi kibanda chake kati ya duka la nyama na duka la kanga, watu walicheka miaka miwili ya kwanza, kisha wakazoea. Mwanamke wa Embu, mwenye miaka arobaini na minane, mshipi wa ngozi kiunoni, anatengeneza redio huku magitaa yanalia! Mwenye duka la nyama alimwomba jambo moja tu, kwamba wakati wa adhana apunguze, na Ednah hajawahi kukosa kupunguza. Adhana ikiisha, anarudisha palepale.

Albamu iliitwa Mvua ya Mabati. Bendi iliitwa Kutu Tupu, vijana wanne wa Nairobi waliotoa kaseti hiyo moja wakapotea, na ukimuuliza Ednah walienda wapi atakuambia hajui na hana haja ya kujua, walishamaliza kazi. Aliipata akiwa msichana wa miaka kumi na saba. Jirani yao mmoja aliyeitwa Mutugi alikuwa na redio iliyokufa, Ednah akaifungua kwa kisu cha kumenyea viazi, akaona waya umeachia, akauchoma kwa msumari uliopashwa moto jikoni, redio ikaongea. Mutugi hakuwa na kitu cha kumpa ila kaseti hiyo. Ndiyo redio ya kwanza Ednah kutengeneza maishani mwake.

Tangu hapo kila wimbo ukajipatia mahali pake. Wimbo wa kwanza wa upande wa kwanza ni wa kuchuma majani chai asubuhi, kikapu mgongoni, umande hadi kiunoni, yeye na mama wakishindana mistari. Wa tatu ni wa siku aliyoolewa Kianjai, akaufungulia redio jikoni kwa mama mkwe, na mama mkwe akatoka nje na sufuria yake. Wa tano ni wa siku aliyoondoka Kianjai. Mumewe, Kithinji, alikuwa amesema, “Chagua, mimi ama hizo kelele.” Sasa, mtu mzima na akili zake anakupa swali rahisi hivyo kwa nini? Ednah alibeba redio, akabeba bisibisi, akapanda gari la Meru mjini, na hajajuta hata Jumatatu moja.

Lakini upande wa pili ulikuwa wa mama.

Mwaka wa tisini na tano mhubiri mmoja alikuja Runyenjes na hema kubwa, akahubiri wiki nzima. Siku ya mwisho watu waliambiwa walete vitu vya dunia vichomwe. Wakaleta. Hereni, nywele za bandia, suruali za wanawake, karata, tumbaku. Njeru alikuwa ameokoka Jumanne, na mtu aliyeokoka Jumanne Jumapili huwa ni moto. Aliingia chumbani kwa Ednah akakusanya kaseti zake zote, kumi na moja, akazitia kwenye gunia la mbolea. Ednah alimkimbilia hadi uwanjani akilia kwa hasira, si kwa huzuni, na hiyo tofauti anataka ieleweke hadi leo.

Mama yao alikuwa kwenye kwaya, kitambaa cheupe kichwani. Alimwona binti yake, akaona na gunia linamwagwa. Akatoka kwenye mstari wa kwaya taratibu, akainama juu ya lile rundo mafuta ya taa yakiwa bado hayajamwagwa, akachomoa kaseti moja.

“Hii ni ya kwaya,” akamwambia mhubiri. “Nilipewa nirekodi maombi.”

Mhubiri akaitikia kwa kichwa. Njeru akakunja gunia lake, maana nani atabishana na Mama Njeru? Kumi zikaungua. Mvua ya Mabati ikarudi nyumbani ndani ya Biblia ya mama.

Shida ni kwamba mama hakuwa mtu wa kusema uongo. Ulimkosesha amani. Kesho yake, kabla ya chai, alimwita Ednah jikoni. “Nimesema ni ya kurekodi maombi,” akasema. “Basi lazima nirekodi maombi.” Ednah akajaribu kumweleza kwamba kaseti ya dukani hairekodi, inavunjwa vijipande vya juu makusudi. Kisha, kwa kuwa ni mtu asiyeweza kunyamaza akijua jibu, akaeleza pia kwamba ukiziba hivyo vishimo kwa karatasi, inarekodi. Wakatafuna karatasi ya daftari wakaziba. Mama akapiga magoti kando ya mafiga, akaomba kwa Kiembu dakika tatu mbele ya redio, akaombea mvua, watoto, ng’ombe mwenye mimba na mhubiri mwenyewe. Mwanzo wa wimbo wa kwanza wa upande wa pili, ule unaoitwa “Sitaki Pole,” ukafutika.

Baada ya Amina, kabla redio haijazimwa, mama alisema maneno machache. Kisha akamwapisha Ednah asimchezee mtu yeyote hapo mahali maadamu yeye yu hai. Na Ednah, mkaidi kwa dunia nzima, katika hilo alitii miaka ishirini na tisa. Hata kwenye matanga aliwachezea watu maombi, akazima penye Amina, kwa sababu mama hakuwa hata amezikwa.

Kuna kijana mteja aliwahi kumletea wimbo huo mzima kwenye simu, safi, bila mkwaruzo. Ednah aliusikiliza ule mwanzo aliokwisha kuusahau akaona ni kama wimbo wa watu wengine. “Futa,” akamwambia. “Huu haujakamilika.”

Ndiyo sababu alikataa kukata. Njeru alitaka mama wa maombi peke yake, mama wa picha ya programu, aliyenyooka na kitambaa cheupe. Mama huyo alikuwepo kweli, na Ednah alimpenda. Lakini kulikuwa na yule mwingine wa kwenye majani chai, aliyetikisa kichwa gitaa likiingia, na huyo akifichwa Jumamosi hiyo, basi ndiyo imetoka. Wazee waliomjua walikuwa wanaisha. Ednah aliona akinyamaza tena atakuwa amemzika mama yake mara ya pili, na kwa mkono wake mwenyewe.

Jumamosi alifika Runyenjes saa nne na redio yake kubwa ya kaseti kwenye shuka. Hema lilikuwa limejaa. Njeru, suti ya kijivu, alikuwa anamngoja getini.

“Umekata?”

“Habari ya asubuhi, Njeru.”

“Ednah, nimekuuliza.”

“Na mimi nimekujibu juzi.”

Njeru akashusha sauti. “Sawa. Nimeongea na kijana wa spika. Ikifika Amina, yeye atazima maiki. Wewe weka redio yako hapo kwa meza, na usilete vita. Leo ni siku ya Mama.”

“Hata mimi ndiyo nasema hivyo,” Ednah akajibu, akapita.

Ibada ikaenda vizuri, haina lawama. Mchungaji akahubiri, wajukuu wakaimba, msalaba ukafunguliwa kitambaa. Halafu mwongoza programu akatangaza sauti ya marehemu. Ednah akaweka redio mezani, maiki mbele yake, kidole kwenye kitufe. Akabonyeza.

Mama akaomba. Hema zima likatulia. Kuna mwanamke aliyeanza kulia mvua ilipotajwa, na mama alipomwombea ng’ombe watu wakatabasamu ndani ya vitambaa vyao. Njeru alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakipanda na kushuka, na Ednah kwa dakika hizo tatu hakuwa na ugomvi naye hata kidogo. Kisha mama akasema Amina, na watu wote wakaitikia Amina.

Tap! Maiki ikazimwa.

Lakini redio ile ilikuwa ya betri, na spika zake Ednah alizibadilisha mwenyewe. Haikuhitaji maiki ya mtu. Tena maiki ilipozimwa, watu waliona kuna kitu bado kinazunguka, wakanyamaza zaidi ili wasikie. Njeru akainua kichwa. Akasimama. Akaanza kuja.

“Imeshika?” mama akauliza ndani ya redio, kwa sauti yake ya kawaida, ile ya jikoni.

“Imeshika, Mama,” ikajibu sauti ya msichana mdogo, na Ednah mwenyewe akashtuka kwa jinsi alivyokuwa mdogo.

“Basi zima haraka. Usinifutie hapo kwa gitaa, hapo ndipo napenda.” Kikohozi. Halafu kicheko, kile kicheko cha mama ambacho hakuna aliyekuwa amekisikia mwaka mzima. “Na Njeru akiuliza, mwambie ni kwaya.”

Tika. Kisha gitaa la “Sitaki Pole” likaingia katikati, bila kubisha hodi, kwa nguvu zote za redio.

Wa kwanza kucheka alikuwa Shosho Wawira, bibi aliyekuwa rafiki wa mama tangu ujana, aliyeimba naye kwaya miaka arobaini. Alipiga paja lake kwa kiganja. “Ni yeye!” akapiga kelele. “Huyo sasa ndiye yeye! Mlikuwa mmemweka wapi?” Safu nzima ya wanawake wazee ikaangua kicheko, wengine wakijifuta machozi kwa ncha za leso. Mchungaji aliitazama programu yake na kuigeuza, akitafuta hicho kipengele.

Njeru alikuwa amefika mezani. Alisimama mbele ya Ednah, macho mekundu, mkono umeshanyooka kuelekea redio. Ednah akaweka mkono wake juu ya kitufe kwanza. Hakusogea. Alikuwa amesimama hivyo akiwa na miaka kumi na minane kando ya moto, ila siku ile alichelewa.

“Mlinidanganya,” Njeru akasema chini chini. “Miaka yote hiyo nilijua aliichukua arekodi maombi tu. Mama alinidanganya.”

“Alikupenda, akakudanganya. Vyote viwili,” Ednah akasema. “Na mimi niliyebeba hiyo siri, leo ndiyo nimepumua.”

Gitaa lilikuwa linapanda, na nyuma ya Njeru Shosho Wawira, miaka themanini na mbili, alikuwa anatikisa kichwa palepale mama alipokuwa akitikisa. Njeru aligeuka akamwona. Kisha akaurudisha mkono wake, akavuta kiti cha plastiki kilichokuwa karibu, akaketi kando ya dada yake mbele ya watu wote na suti yake ya kijivu.

“Ednah,” akauliza, sauti imemkauka, “hii ni nini sasa inaimba?”

“Ni kwaya,” Ednah akamwambia, akaongeza sauti.